Gololi za Muhogo katika Chai ya Bibi Mbuke

Asubuhi, ukungu hulala juu ya majani ya bonde la Usangu. Ng'ombe husikika kabla ya kuonekana. Kengele moja hulia, kisha nyingine. Halafu pembe hutokea taratibu, kana kwamba zinaelea hewani.

Nyumbani kwa Antoni walizoea kuamka kwa sauti hizo. Antoni alikamua. Mke wake, Roza, alisafisha vibuyu. Mama yake Antoni, Bibi Mbuke, alikunywa maziwa ya kwanza yakiwa bado na joto la ng'ombe. Ndivyo alivyofanya tangu utoto wake huko Usukumani, kabla familia haijahamia kusini na mifugo yao.

Mwaka ule Bibi Mbuke aliugua. Homa ilipanda jioni, ikashuka asubuhi. Magoti na mgongo vilimuuma. Alitoka jasho mpaka shuka ikalowa. Antoni alimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akampeleka zahanati.

Mganga alimpima, akampa dawa.

“Homa hii inatoka kwa ng'ombe,” mganga alisema. “Inapita kwenye maziwa mabichi. Mama, meza dawa zote mpaka ziishe. Lakini mkiendelea kunywa maziwa bila kuyachemsha, homa itarudi. Inaweza kuwakamata nyote.”

Bibi Mbuke alimeza dawa zote, na homa ikaondoka. Lakini nguvu hazikurudi. Alilala mchana kutwa karibu na dirisha. Alizungumza kwa kunong'ona. Alisimulia ndoto zake: mto wa kwao, dada zake waliokufa, ng'ombe weupe wakivuka maji bila kulowa.

Roza alimpelekea uji. Bibi Mbuke aligeuza uso.

“Nimechoka kumeza tu,” alisema. “Meno yamekwisha. Ugali siuwezi, nyama siiwezi. Nipe maziwa.”

Roza alimletea maziwa yaliyochemshwa. Bibi Mbuke alinusa kikombe, akakirudisha.

“Haya yamepita motoni. Ukichoma maziwa, unachoma kiwele cha ng'ombe. Atakauka. Mnataka kutumaliza?”

“Mayu,” Roza alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, “mganga alisema...”

“Mganga hana ng'ombe.”

Antoni alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alimheshimu mama yake. Pia alikuwa na hofu. Mikono ya mama ilikuwa imebaki mifupa.

Kila siku Roza alipeleka maziwa dukani, kando ya barabara kuu. Mwenye duka alikuwa Mzee Premji, na mkwe wake aliitwa Kumud. Siku hiyo Kumud aliona macho ya Roza yamevimba.

“Dada Roza, umelia?”

Roza alimweleza yote. Kumud aliingia ndani, akarudi na bilauri ya chai ya maziwa. Chini ya bilauri kulikuwa na vitu vya mviringo kama gololi, vya rangi ya kahawia, vinavyong'aa.

“Kunywa. Halafu tafuna.”

Roza alikunywa. Gololi moja iliteleza juu ya ulimi wake. Ilikuwa laini, tamu, tena inanesa. Aliitafuna polepole. Kwa muda alisahau barabara, malori na vumbi.

“Ni nini hiki?”

“Muhogo,” Kumud alicheka. “Zamani tulinunua punje za wanga ziitwazo sagu kutoka Dar es Salaam. Siku hizi hazipatikani. Nikajaribu mwenyewe kwa wanga wa muhogo. Hata mtu asiye na meno anatafuna hizi kwa fizi.”

Roza hakungoja maelezo zaidi. Alikimbia nyumbani. Alichukua unga wa muhogo, akaukanda kwa maji baridi, akaviringa gololi, akazitumbukiza kwenye sufuria. Zikayeyuka zote. Sufuria ikajaa kitu kizito kama gundi.

“Umepika nini?” Bibi Mbuke aliuliza kutoka ndani.

“Sijui, mayu,” Roza alijibu, na machozi yakamtoka tena.

Kesho yake Kumud alikuja mwenyewe, amebeba kifurushi cha kitambaa. Walikaa jikoni, moshi ukipanda taratibu kati yao.

“Ulitumia unga,” Kumud alisema. “Unga haufai. Tunataka wanga. Unakuna muhogo mtamu, unachanganya na maji, unakamua kwa kitambaa safi. Yale maji unayaacha yatulie. Kitu cheupe kinachoganda chini ndicho wanga. Unamwaga maji ya juu, unakausha wanga juani. Mimi nimekuja nao.”

“Na maji baridi?”

“Hapo ndipo gololi zako zilipokufa. Lazima maji yawe yanachemka.”

Kumud aliyeyusha sukari guru katika maji kidogo. Yalipochemka, aliyamimina juu ya nusu ya wanga, akakoroga haraka. Kisha akaongeza wanga uliobaki. Waliukanda ungali na joto. Waliviringa gololi ndogo kama njegere. Wakazitia kwenye maji mengi yanayotokota.

Gololi zilizama. Baadaye zikaanza kupanda, moja moja. Roza alizitazama kama mtu anayeota.

“Zimeiva?”

“Bado. Funika, punguza kuni. Ngoja mpaka ndani pasiwe na weupe. Halafu zitoe, uzitie kwenye maji ya sukari guru zisigandane. Uzile siku hiyohiyo, zikilala zinakuwa ngumu. Na mtoto mdogo usimpe, zitamkaba.”

Kisha waliandaa chai. Roza alichemsha maji, akatia majani ya chai ya Mufindi, akaepua na kufunika mpaka rangi ikakolea. Akachuja. Katika sufuria nyingine alichemsha maziwa. Yalipopanda na kutokota, aliyakoroga, akayaacha yatokote tena kidogo.

Alitia gololi kwenye bilauri, chai juu yake, kisha maziwa. Weupe ulishuka ndani ya chai kama wingu.

Walimwinua Bibi Mbuke akae wima, asije akapaliwa. Alikunywa. Mashavu yake yakaanza kusogea.

“Inanikimbia!” alisema, akaifukuza gololi kwa ulimi. Akacheka. Roza hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mvua zilipoanza.

Kisha bibi akashusha bilauri.

“Roza. Maziwa haya yamepita motoni?”

Jikoni moto ulitatarika. Roza angeweza kusema hapana. Alimtazama Kumud. Kumud alitazama chini.

“Ndiyo, mayu,” Roza alisema. “Nimeyachemsha mwenyewe. Sitaki uugue tena. Sitaki kukuzika.”

Bibi Mbuke alitazama nje. Mbali, katika mwanga mweupe, ng'ombe walikuwa wakila majani.

“Ng'ombe yule kule,” Kumud alisema kwa upole, “moto wetu haumfikii, mama.”

Bibi alitafuna. Alimeza. Alitafuna nyingine.

“Basi asiambiwe,” alisema mwishowe. “Niongezee.”

Tangu siku hiyo, kila tone la maziwa katika nyumba ile lilichemshwa. Antoni alihesabu vibuyu vya maziwa kwa wasiwasi kila alfajiri. Ng'ombe hawakukauka. Hakuna mtu mwingine aliyepata homa. Bibi Mbuke alianza na chai, akaongeza uji wa karanga, akaongeza wali laini na samaki. Mikono yake ikajaa.

Mpunga ulipoanza kuiva, ndege walishuka shambani kwa makundi. Antoni alitafuta mtu wa kuwafukuza.

“Nitakwenda mimi,” mama yake alisema.

Walimwekea kigoda katikati ya shamba. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, na kutoka nyumbani hawakumwona. Lakini Roza alisimama mlangoni akamsikia. Sauti ya Bibi Mbuke ilipaa juu ya mpunga, kali na ndefu, na ndege wakaruka wote kwa pamoja.