Taa za Breki za Gari la Mlingoti

Rafiki yangu fundi umeme wa magari si mtu wa kutishika ovyo, lakini kisa hiki hukisimulia akiwa amekaa karibu na mlango.

Mchana mmoja shemeji yake alimletea gari la marehemu mumewe, kaka yake fundi, ambaye kwa urefu wake watu walimwita Mlingoti. Taa za LED za breki zilikuwa zimekufa. Shemeji ni mfupi, na kiti alikuwa amekivuta mbele kabisa. Fundi alipoliingiza gari gereji, magoti yalimbana chini ya usukani, akacheka.

"Shemeji, kaa humu ndani, utanikanyagia breki."

"Haya, shemeji."

Akainamia buti, akafunga taa mpya. Kisha akashusha mlango wa chuma, kama kawaida yake, ili auone mwanga vizuri gizani, akachuchumaa nyuma ya gari.

"Kanyaga!"

Pedali ikalia kwii. Taa zikawaka, nyekundu kama makaa.

"Achia!"

Zikazima.

"Tena!"

Zikawaka. Papo hapo mlango ukagongwa kwa nje.

"Shemeji, mbona umenifungia? Nilikwenda kununua maji tu."

Fundi aliuinua mlango, na taa bado zinawaka. Mwanga wa mchana ukaingia mpaka ndani ya gari. Hamkuwa na mtu.

Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho.