Nusu ya Sindano

Asubuhi ile Wiliam Ngassa aliamka na furaha, jambo ambalo sisi majirani zake wa Segese tulikuwa tumeshalisahau. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi tangu masika, na daktari alishasema wazi: bila kipimo cha MRI hakuna upasuaji, na bila upasuaji atamalizia maisha kitandani. Mkewe Ritha alimwogesha, akamvisha shati la kanisani, akamtania njia nzima kwamba akipona watafunga harusi upya, maana ile ya kwanza alicheza ovyo.

Hospitalini walipokewa na Eufrasia, dada wa Kihaya mwenye upole, ambaye ndiye aliyeendesha mashine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mashine yetu ni sumaku kubwa sana. Vua mkanda, saa, pete. Mwilini je, una chuma chochote? Hujawahi kupigwa risasi, au kuingiwa na kipande cha bati?"

Wiliam alivua vyote, hata hirizi ya shingoni. Kisha akatazama sakafu.

"Sina," alisema.

Alikuwa nacho. Katikati ya mabega, chini ya ngozi, ilikaa nusu ya sindano ya kushonea magunia. Nusu ya pili aliwekewa Magesa, mwenzake wa machimboni, siku walipokwenda kutafuta ndagu, ile dawa ya utajiri inayokuja na masharti. Mganga aliwaambia waingie shimoni pamoja na watoke pamoja. Tena sindano wasiitaje kamwe. "Mtu wa kwanza kuisikia," alisema, "ndiye atakayeibeba."

Dhahabu waliipata. Kisha shimo likaporomoka, na Wiliam akavutwa juu kwa kamba, peke yake. Magesa yumo humo hadi leo. Ndipo miguu ya Wiliam ilipoanza kufa.

Sasa amwambie nani? Ritha alisimama pale pale, amekumbatia viatu vyake. Akisema, amemtwisha mkewe. Akikataa kipimo, habari ya miguu imekwisha. Maskini wa Mungu, akajipa moyo kwamba kipande chenyewe ni kidogo tu.

Walimlaza kwenye kitanda chembamba, wakambana kichwa kwa kifaa kilichofanana na tenga, wakamziba masikio na kumpa kipira mkononi.

"Ukizidiwa, minya," Eufrasia alimwambia. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa akitetemeka, alimruhusu Ritha akae naye chumba cha pembeni, nyuma ya kioo, penye spika ya kumsikilizia.

Kitanda kikaingia ndani. Dari likakaribia pua. Mikono ikakosa pa kwenda. Mashine ikaanza kugonga.

Wiliam aliujua mlio ule. Ndivyo tindo linavyolia kwenye mwamba, mtu akigonga kutoka upande wa pili.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mgongo ukapata moto. Kile kipande kikasogea. Kikatulia. Kikasogea tena, kikivutwa kuelekea chini. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani. Akaminya kipira.

Kipira hakikuwepo. Kiganjani mwake mlikuwa na vidole vya mtu, vya baridi, vyenye mchanga.

"Ngassa," sauti ilinong'ona chini ya mgongo wake. "Mbona ulitoka peke yako?"

Akapiga ukelele. Kiswahili chote kilimtoka kichwani. Alilia kwa Kisukuma, lugha ya mama yake, akataja kila kitu: mganga, Magesa, sindano.

Nyuma ya kioo Eufrasia hakuambulia hata neno. Akamgeukia Ritha.

"Mama, anasema nini?"

Ritha alikuwa ameelewa yote. Mkono wake ulipanda taratibu begani.

"Anasema ana sindano mgongoni," alijibu.

Mashine ikazimwa, Wiliam akatolewa analia. Eufrasia alimkaripia kwa adabu, akampeleka chumba cha eksirei haraka. Picha ilitoka safi.

"Baba, huna chuma chochote. Uliogopa tu."

Wiliam akashusha miguu sakafuni, akasimama. Akapiga hatua. Manesi wakapiga makofi, mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti. Wiliam naye alicheka, machozi yakimtiririka, akamtafuta mkewe kwa macho ili wafurahi pamoja. Hapo ndipo alipokumbuka ni nani aliyekuwa akimsikiliza kwenye spika.

Ritha alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, bado amekumbatia viatu.

"Baba Paskalia, njoo unishike," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Miguu siisikii. Halafu kuna kitu kinanichoma hapa nyuma."

Wiliam aliivuta kidogo shingo ya gauni. Mgongo ule aliujua tangu siku ya harusi, na haukuwahi kuwa na kovu. Sasa palikuwa na chale, katikati ya mabega, imekauka kama ya miaka mingi, na tope la shimoni limeganda ukingoni. Alipitisha kidole. Chini ya ngozi mlikuwa na kitu kigumu. Akakifuata, akitarajia kitaishia njiani, kama chake.

Hakikuishia. Ilikuwa sindano nzima, kuanzia ncha hadi tundu la uzi.