Mji Alioutoa Karani Damas

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1974, saa tisa na robo alasiri, Damas Kasimiri alimpa mtu mji ambao haukuwa wake. Aliutoa kwa kinywa, akiwa amekaa, mbele ya mashahidi wawili, tena akitabasamu.

Kabla ya hapo siku ilikuwa kama Jumamosi nyingine yoyote. Damas alikuwa karani wa vifurushi stesheni ya Tabora. Alifunga dirisha lake saa sita, akala ugali kwa mlenda nyumbani, akabadili shati, akaenda barazani kwa Mfaume, fundi cherehani wa karibu na soko. Huko walimngojea. Kila Jumamosi treni ya kutoka Dar es Salaam ilileta gazeti, na ukurasa wa nyuma wa gazeti ulikuwa na fumbo la maneno: miraba myeupe na myeusi, na chini yake vidokezo vilivyopindwa makusudi. Wengine wakivisoma waliona maneno ya mlevi. Damas aliona njia iliyonyooka.

Wiki ile walirudia kwanza fumbo la wiki iliyopita, kwa sababu Twalibu, fundi baiskeli, alikuwa hajaelewa.

"'Hulimwa, nalo limo ndani ya bahasha mbali,'" Damas alisoma. "Usitafute posta, Twalibu. Kidokezo kina sehemu mbili. Moja inakupa maana: kitu kinacholimwa. Nyingine inakuonyesha kilipofichwa. Unganisha 'bahasha' na 'mbali', halafu kata mwanzo, kata mwisho. Unaona nini?"

Twalibu aliandika kwa chaki sakafuni, akafuta kwa kidole huku na huku. "Shamba," alisema polepole.

"Lilikuwa mbele ya macho yako wiki nzima."

"Na wewe ulikuwa mbele ya macho ya padre tangu utoto," alisema Mfaume bila kuinua kichwa kwenye cherehani, "mbona hakukugundua kuwa ni mchawi?"

Wakacheka. Mfaume na Damas walikuwa watani wa siku nyingi, na hapakuwa na neno ambalo wangekatazana.

Barazani pale walikuwa wameongeza desturi ya vitendawili. Aliyeshindwa kidokezo alitoa mji. Aliyepewa mji alisema, "Nilikwenda mji huo, nikapokewa vizuri, nikala, nikanywa, wakaniambia jibu ni hili." Mji uliokwisha kutolewa haukutolewa tena, na Mfaume aliiandika yote kwa chaki nyuma ya mlango. Mlango ulikuwa umejaa: Mombasa, Ujiji, Kairo, Roma, London, Bagamoyo. Yote ilikuwa ya Damas. Kwa miaka minne yeye hakuwa ametoa hata mmoja, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyopenda kukiri kwa muungamishi wake.

Siku hiyo treni ilichelewa. Gazeti halikufika. Walikuwa wakipiga soga tu walipogundua kwamba mwisho wa baraza ameketi mzee aliyevaa kaniki kuukuu. Hakuna aliyemwona akija.

"Shikamoo, karani," alisema mzee.

Mzee yule angeweza kumzaa baba yake Damas. Lakini Damas alikuwa akitazama barabara ya stesheni, na mdomo wake ukaitika kabla ya akili.

"Marahaba."

Cherehani ya Mfaume ilisimama.

Mzee akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani yake palikuwa na miraba iliyochorwa kwa mkaa, na vidokezo vitatu tu. Mwandiko ulikuwa mzuri sana, wa kizamani.

"Nimesikia wewe unafumbua," alisema. "Nifumbulie."

Damas alifurahi. Kidokezo cha kwanza kilisema: Mali ikivurugwa, shika jembe. "Herufi nne," alieleza. "'Ikivurugwa' ni ishara. Herufi za 'mali' zinapangwa upya, na maana ni kushika jembe. Lima." Akaandika.

Cha pili kilisema: Kaburi likifukuliwa, mgeni huambiwa hivi.

Damas alikiangalia kidogo, kisha akaanza kueleza kwa sauti ileile ya kila wiki. "'Likifukuliwa' ni ishara, maana yake herufi zitoke mahali pake. Herufi za 'kaburi' ni sita. Zipange upya, upate neno analoambiwa mgeni." Aliandika KARIBU bila kuitamka.

"Sema," alinong'ona mzee. "Fumbo halijafumbuliwa mpaka lisemwe."

"Karibu," alisema Damas.

"Ahsante."

Twalibu aliangalia miguu ya mzee, nyayo zimepasuka kama gome, akaangalia pembeni. Mfaume hakutania.

Cha tatu kilikuwa na herufi saba: Tulilala njiani, hakuna aliyetuhesabu. Nani atatuhesabu?

Damas alijaribu kila namna aliyoijua. Alitafuta neno lililofichwa ndani ya maneno mengine. Alipanga herufi upya. Alisoma kinyumenyume. Hapakuwa na ishara yoyote, hapakuwa na sehemu mbili. Kilikuwa swali tu.

"Umeshindwa, karani. Nipe mji."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Angeweza kukumbuka kwamba yuko nyumbani kwa mtu na kazi zinamngoja. Badala yake aliutazama mlango wenye chaki, akaona miji mikubwa imekwisha, na akili yake ya karani ikampa ujanja. Mbele ya Kwihara, kwenye ile njia ya zamani ya misafara ya wapagazi waliobeba pembe kwenda pwani, kulikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Itobela, alikozaliwa mkewe. Wakati ule watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya vya Ujamaa, na Itobela walikwisha kuambiwa zamu yao ni mwezi wa kumi. Basi apewe Itobela. Apewe magofu. Binti yake Josepha alikuwa huko kwa bibi yake tangu mwezi wa nane, akinywa maziwa arudishe mwili baada ya surua, lakini angerudi mjini wiki mbili kabla ya malori. Hesabu yake ilikuwa safi.

"Nakupa Itobela," alisema, akatabasamu.

"Pamoja na watu wake?"

Damas alikuwa amezoea kueleza. Hilo ndilo lililomponza. "Mzee, mji ni watu," alisema. "Huwezi kutoa mji ukabakiza watu. Ukibakiza watu umetoa udongo."

Mzee aliinama kwa adabu. "Nilitaka nilisikie kinywani mwako."

"Sasa tupe jibu."

"Siku hizi mnapokea mji mkiwa mmekaa," alisema mzee, akiinuka. "Zamani mtu alikwenda kwanza."

Akashuka barazani na karatasi yake. Saa ya Mfaume ukutani ilionyesha saa tisa na robo. Mbwa waliokuwa wamelala kivulini waliinuka mmoja mmoja, wakaenda kulala upande wa pili wa barabara.

Kesho yake Damas alikwenda Misa ya kwanza. Alipiga magoti, lakini sala haikupanda. Alipokaribia nyumbani alimkuta mkewe Katarina amesimama mlangoni, kata ya maji mkononi.

"Baba Josepha, kuna mzee amepita sasa hivi. Aliniamkia yeye, shikamoo. Nikaogopa kuitikia."

"Alitaka nini?"

"Maji. Alikunywa kata nzima, nilimwona koo likimeza. Alipoirudisha, tazama."

Kata ilikuwa imejaa pomoni.

"Akasema, 'Mwambie karani nilifika, nikapokewa vizuri.' Akaacha hii."

Ilikuwa karatasi ya kaki. Miraba saba ya mwisho ilikuwa imejazwa kwa mkaa. Haukuwa mwandiko wa mzee. Herufi zilikuwa kubwa, za mtoto wa darasa la tatu, na herufi ya S ilikuwa imegeukia upande usiokuwa wake, kama mtoto wao alivyozoea kuigeuza na mwalimu akamkanya mwaka mzima.

JOSEPHA.

Damas alichukua baiskeli bila kuaga.

Alipita Kwihara bila kusimama. Alifika Itobela saa nne asubuhi, jua likiwaka, na hapakuwa na mtu. Milango ilikuwa imeng'olewa. Kinu kilikuwa kimeanguka, mtama umemwagika, na hakuna kuku aliyekuwa akiudonoa. Alama za matairi zilikwenda kaskazini, kwenye barabara kuu. Malori yalikuwa yamekuja mapema. Alijiambia hivyo. Malori yamekuja mapema, mtoto yuko na bibi yake, basi.

Ndipo aliposikia sauti.

Ilitoka upande wa njia ya zamani, ile ambayo siku hizi hupitwa na ng'ombe tu. Sauti ya mtoto. Ilikuwa ikihesabu.

"Mia tatu na kumi na moja. Mia tatu na kumi na mbili."

"Josepha," aliita.

"Mia tatu na kumi na tatu."

Aliikimbilia. Njia ilikuwa tupu. Sauti ilikuwa mbele kidogo, baada ya kona. Akapita kona. Sauti ilikuwa mbele kidogo. Sasa alisikia na nyayo. Nyingi. Nyayo za watu waliobeba vitu vizito, wanaokwenda bila kusema. Vumbi halikutimka. Hakuna jani lililotikisika. Nyayo zilimpita kushoto. Zikampita kulia. Mtoto alihesabu kila zilipopita.

"Mia nne na themanini."

"Josepha. Ni baba."

Kimya. Kidogo tu. Kisha sauti ikaendelea, kwa kunong'ona, kama mtoto anayeogopa kupoteza hesabu.

"Mia nne na themanini na moja."

Alikimbia mpaka akaanguka. Alipoinuka hapakuwa na sauti yoyote.

Kijiji kipya alikifikia alasiri. Watu wa Itobela walikuwa wameketi chini penye vigingi, kila kaya na mzigo wake. Mama mkwe wake, Bibi Siwema, alikuwa peke yake. Kwa miaka kumi mama huyo hakuwa amemtazama mkwewe usoni, kwa adabu. Siku hiyo alimtazama.

"Malori yalikuja jana, saa tisa na kidogo," alisema. "Tunapakia. Akaja mzee mwenye karatasi. Nilidhani ni mtu wa operesheni. Wenye karatasi walikuwa wengi. Aliita jina moja tu. Mtoto akaitika 'Naam', akamfuata. Nilipowauliza watu wa malori, walisema hawana mzee yeyote. Mkwe wangu, yule mzee alisema karatasi imetoka kwako."

Saa tisa na kidogo. Damas hakumwambia kwamba saa hiyohiyo mzee huyohuyo alikuwa barazani Tabora, mbele ya macho yake.

Walimtafuta mpaka jua likazama. Jumatatu mchana Wenceslaus, katekista wa Kwihara aliyekuwa akiwafuata waumini wake kijiji kipya, alimkuta mtoto. Alikuwa kando ya njia ya zamani, amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mahali ambapo watafutaji walipita mara tatu siku iliyotangulia. Hakuwa na jeraha, wala pumzi.

Katarina hakulia mpaka Damas alipomaliza kumweleza yote. Alimsikiliza kama wale wa barazani walivyomsikiliza, bila kumkatiza.

"Ulikuwa hujui jibu," alisema hatimaye.

"Nilikuwa sijui."

"Ungesema hivyo. Ukaondoka. Mzee angekudharau, watani wangekucheka mpaka magharibi. Basi."

Damas alikuwa na maelezo ya kila kitu. Ya hilo hakuwa nayo. Tangu siku hiyo Katarina hakumwita tena Baba Josepha. Alimwita Karani, kama watu wa stesheni wanavyomwita. Waliishi hivyo nyumba moja miaka kumi na saba.

Mfaume alifuta mlango wake kwa kitambaa cha maji. Miji yote ilifutika.

Lipo jambo ambalo wanawake walioosha maiti hawakulisema hadharani, na Padre aliyelisikia hakulitolea neno. Josepha alikuwa na miaka tisa. Alikosekana siku mbili. Lakini nyayo zake zilikuwa ngumu kama gome, zimepasuka na kupona na kupasuka tena, nyayo za mtu aliyekwenda pwani na kurudi zaidi ya mara moja. Na kwenye bega lake la kulia, mtoto ambaye hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko ndoo ya maji, palikuwa na sugu. Sugu pana, nyeusi, ya zamani. Bibi Siwema aliigusa kwa kidole gumba. Baba yake mwenyewe alikuwa nayo, alisema, na baba yake alikuwa mpagazi tangu ujana hadi alipozeeka.

Walimfunika bega, wakamfunga sanda.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, mtoto wetu Josepha, na mwanga wa milele umwangazie. Umpokee mzigo wake. Umwambie hesabu imetosha, apumzike kwa amani. Amina.