Orodha ya Wageni wa Kasa

Kila asubuhi Kidawa alifagia uwanja, akanywa uji, kisha akaongozana na mama yake hadi ufukweni Utende. Hapo waliagana. Mama yake, Bi Somoe, alivuka kwenda kisiwa cha Juani kulinda viota vya kasa. Kidawa alikwenda shule, na siku hizo alikwenda amenuna.

Aliyemnunisha ni Goodness, binti wa muuguzi aliyehamia kutoka bara. Kabla hajaja, kompyuta ya klabu ya shule ilikuwa kama mali ya Kidawa. Sasa Mwalimu Valence alimwita Goodness kwa kila jambo. Tena akampa kazi kubwa: kuandika programu ya kuwaalika wageni kuona watoto wa kasa wakitoka kiotani. Mgeni alijiandikisha kwenye tovuti na kuchagua siku. Siku ikikaribia, programu iliwapitia wote, ikawaweka waliochagua siku hiyo kwenye orodha, ikawatumia barua pepe.

"Kidawa, kiti kimepata mwenyewe!" Sadick, mwanafunzi mwenzao, alimchokoza.

"Funga huo mdomo mrefu kama wa samaki chuchunge!"

Kidawa aliisoma kazi ya Goodness mstari kwa mstari akitafuta kosa. Akalipata. Hapakuwa na amri ya kufuta orodha baada ya kutuma. Wageni wa Ijumaa wangealikwa tena Jumamosi, na Jumapili wangeitwa wote kwa pamoja. Mwalimu alikuwa ameijaribu kwa siku moja tu, hakuona tatizo.

"Umeipitia?" Goodness alimuuliza. "Iko sawa?"

"Iko sawa," Kidawa alijibu. Moyoni alisema, mwache aumbuke.

Jumapili Kidawa alimfuata mama yake Juani. Kwa kawaida kiota kiliruhusiwa kutazamwa na watu kumi na watano tu. Siku hiyo boti zilishusha watu mpaka ufukwe ukajaa. Walisukumana, wakasimama kati ya kiota na maji. Watoto wa kasa walipotoka, walitumbukia kwenye nyayo za watu wakashindwa kupanda.

Msimamizi wa viota alikuja juu. "Bi Somoe, umefungua soko hapa?"

"Sikumwita mtu, bwana. Wageni wanaalikwa na shule."

"Mlinzi ni wewe. Ikitokea tena, nitaweka mtu mwingine."

Bi Somoe aliinama, akawa anawatoa kasa kwenye nyayo mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamekanyagwa. Kidawa alitaka Goodness aaibike, na sasa aliyekaripiwa mbele ya watu ni mama yake mwenyewe.

"Mama," alisema huku akilia, "kosa la programu nililiona. Nilinyamaza makusudi."

Bi Somoe alimwachia majini kasa aliyemshika. "Nenda kamwambie msimamizi. Sasa hivi. Kesho utamwambia mwalimu na mwenzio."

Kidawa alikwenda, akamweleza msimamizi yote.

Jumatatu Goodness alisikia yote. "Lakini nilikuuliza, Kidawa!"

"Uliniuliza. Nilikuonea wivu. Nisamehe."

Goodness alifuta machozi, kisha akasogea kwenye benchi. "Kaa. Nionyeshe ni wapi."

Wakaongeza mstari mmoja: kila siku ya mwaliko ianze na orodha tupu. Mwalimu Valence aliwaagiza waijaribu kwa siku tatu mfululizo, si moja. Kila mara walioitwa walikuwa wa siku hiyo tu.

Jumamosi wasichana wote wawili walikwenda Juani. Wakaja wageni kumi na watano, hakuna wa ziada. Msimamizi aliwahesabu, akamwambia Bi Somoe aendelee na kazi yake.

Msimamizi alipoondoka, Bi Somoe aliwageukia wasichana.

"Goodness, wewe ulisahau. Kusahau kunarekebishwa. Kidawa, wewe uliona ukakaa kimya ili mwenzio aanguke. Hilo ni baya zaidi, na wawili wale waliokanyagwa hawarudi. Wivu ukikushika, sema unachokijua kabla haujakufunga mdomo. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mama."

"Haya, pigeni magoti. Sawazisheni mchanga mpaka majini, usibaki unyayo hata mmoja. Wanakaribia kutoka."