Vitabu Vitatu vya Tiketi za Kutwa

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, meneja wa kituo cha mabasi alifungua kufuli la ofisi ya tiketi akakuta kabati la chuma liko wazi. Ufunguo wake ulikuwa kwenye tundu. Ndani, mkoba wa mauzo ya mwisho wa wiki ulikuwa pale pale, zipu yake haijaguswa. Lakini vitabu vya tiketi za kutwa, ambavyo Jumamosi jioni alivihesabu mwenyewe vikawa kumi na viwili, sasa vilikuwa tisa.

Saa moja kasorobo Sajini wa upelelezi alikuwa amesimama katikati ya ofisi, daftari mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, amehamishiwa mji ule miezi minne nyuma, na mpaka siku hiyo hakuwa amemjua mtu zaidi ya wale aliowahoji.

"Leo ndiyo nauli mpya zinaanza, Afande," meneja alisema. "Tiketi ya kutwa tumeifuta. Zamani abiria alikuwa na moja, kondakta anaitoboa tarehe asubuhi, anapanda na kushuka mpaka jioni. Sasa tiketi ni ya dakika tisini. Zikiisha, analipa tena."

"Na aliye na za zamani nyumbani?"

"Zitapokewa kwa miezi sita. Tumeshatangaza. Ila kuuza vitabu tuliacha wiki mbili zilizopita, watu wasije wakajilimbikizia. Hivi vilivyobaki vilikuwa vichomwe leo saa mbili."

"Kwa hiyo aliyevichukua anaweza kuvitumia bila kushtukiwa. Namba zilizochapwa kwenye tiketi hazitamfichua?"

"Kondakta ana watu sitini mlangoni. Atasoma namba saa ngapi?"

Sajini aliandika: *Kitabu kimoja, tiketi sitini. Vitatu kati ya kumi na viwili. Hela hazikuguswa.* Akapiga mstari chini ya neno "vitatu".

Kisha akaangalia chumba. Kufuli la mlango lilikuwa zima, na nondo za dirisha zilikuwa imara. Ufunguo wa kabati, meneja alisema, hutundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda. Kulikuwa na meza, kiti chenye mto uliokandamizwa na miaka, na kioo chenye tundu la duara la kuongelea na abiria. Ukutani liliegemezwa bango jipya la nauli, jeupe, lenye mistari kumi ya maandishi ya buluu, likisubiri kutundikwa nje.

"Nani alichora hili?"

"Fundi wa mabango. Alimaliza Jumamosi mchana, na malipo yake ameshachukua."

Sajini alipitisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Ulikuwa mkavu, na wa pili pia. Alipofika wa mwisho, ulioandikwa HOSPITALI, kidole kilitoka na buluu. Alijifuta kwa leso, akainama kwenye ndoo ya taka. Ndani yake mlikuwa na vikombe viwili vya karatasi, vyote na masalia ya chai.

Muuza tiketi aliletwa saa moja na dakika ishirini. Abiria walimwita Mama Chenji, kwa sababu miaka kumi na tisa nyuma ya kioo hakuwahi kumwambia mtu akatafute chenji. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na aliishi kwenye chumba cha kampuni nyuma ya kituo. Akipoteza kazi, chumba nacho kingekwenda.

"Jana ulifunga saa ngapi, mama?"

"Saa kumi na mbili jioni, kamili."

"Nani aliingia humu ndani?"

"Hakuna."

"Wewe ulitoka hata kidogo?"

"Nitoke niende wapi?"

Sajini aliviweka vile vikombe mezani, kimoja baada ya kingine. Mama Chenji aliviangalia kwa muda, kisha akaangalia mikono yake.

"Vyote vyangu," alisema. "Mimi ni mtu wa chai."

Meneja alidakia. "Afande, funguo za mlango ni mbili tu, wangu na wake. Mimi jana nilikuwa harusini tangu asubuhi, watu mia mbili waliniona. Sasa hapo tunatafuta nini?" Akamgeukia muuza tiketi. "Kakae nyumbani mpaka polisi wamalize kazi yao."

Mama Chenji aliuchukua mto wake kutoka kwenye kiti, akaukumbatia kifuani, akatoka. Nje, foleni ya asubuhi ilikuwa imeshafika barabarani. Ilimpisha, lakini hakuna aliyemsalimia.

Meneja alimtajia Sajini mtu mwingine wa kushukiwa pia. Kondakta mmoja aitwaye Twende-Twende alifukuzwa mwezi uliopita, na Ijumaa alisimama kituoni akawatangazia abiria kwamba wanaibiwa mchana kweupe na kwamba kampuni "itaona". Sajini alimkuta saa nne kwenye gereji, akiosha injini kwa mafuta ya taa.

"Nilisema wataona, na wataona kweli," Twende-Twende alisema. "Watu watatembea kwa miguu. Huo nao ni uhalifu?"

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori hilo. Tangu saa nane mpaka saa mbili usiku. Muulize bosi."

Bosi wa gereji alithibitisha, na daftari la kazi lilikuwa na saini kila saa. Sajini alipoanza kuondoka, yule kondakta alimwita.

"Afande, hebu fikiria. Mimi nikute kabati liko wazi, niache mkoba wa hela nichukue karatasi? Nina njaa, sina wazimu."

Jioni ile saa kumi na moja Sajini alirudi kwenye chumba chake cha kupanga. Kilikuwa na kitanda, meza na kiti kimoja. Tangu ahamie hakuwahi kuhitaji cha pili. Alimpigia simu mdogo wake wa kike. Ikaita mpaka ikakata. Akaiweka kando, akafungua daftari.

Twende-Twende alikuwa amesema kweli. Mwizi wa kutafuta faida angebeba vitabu vyote kumi na viwili, na mkoba juu yake. Huyu alichukua vitatu, akafunga hesabu. Sitini mara tatu ni mia na themanini. Miezi sita ina siku mia na themanini na kidogo. Tiketi moja kwa siku, kila siku, mpaka zitakapokoma kutumika, bila kuruka hata Jumapili. Mfanyakazi hupumzika, na mfanyabiashara hufunga duka. Nani husafiri kila siku ya Mungu, na akifika hukaa muda mrefu kiasi kwamba tiketi ya dakika tisini haimfai?

Aliangalia kidole chake. Buluu ilikuwa bado imejificha pembeni mwa ukucha.

Jumanne saa nane mchana alishuka hospitalini. Hakukuwa na muda wa kutazama wagonjwa saa ile, na korido ilikuwa kimya. Muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa muda mrefu alimpa daftari la wageni. Sajini hakuhitaji kutafuta sana. Ukurasa baada ya ukurasa, kwenye kitanda namba kumi na nne, kulikuwa na mwandiko mmoja wenye herufi zilizosimama wima, sawasawa, kama zimechorwa ukutani. Asubuhi saa nne. Jioni saa kumi. Kila siku.

"Ni fundi wa mabango," muuguzi alisema. "Dada yake yuko hapa mwaka wa pili sasa, miguu haifanyi kazi. Mgeni wake ni huyo huyo mmoja. Kaka akichelewa dakika tano, dada anamuuliza kila anayepita."

"Amewahi kuchelewa?"

"Juzi. Jumapili. Siku hiyo hatukupata raha."

Sajini alikuwa ameshauona mstari huo. *Jumapili, saa kumi na moja na dakika kumi.*

Jumatano saa mbili asubuhi watu wanne walikusanyika kwenye ofisi ya tiketi: Sajini, meneja, Mama Chenji na Fundi. Huyu alikuwa mzee mwembamba wa miaka sitini na kitu, shati lake limepigwa pasi, na begi la kazi liko begani. Sajini alilivuta pazia la dirisha, lakini sauti za foleni zilipenya.

"Fundi, bango hili ulilimaliza lini?"

"Jumamosi, Afande. Mchana."

"Rangi ya mafuta hukauka kwa muda gani?"

"Siku moja. Kukiwa na joto, chini ya hapo."

"Jumatatu saa moja asubuhi mistari tisa ilikuwa mikavu. Wa kumi ulinichafua kidole. Uliandikwa upya Jumapili."

Fundi aliliangalia bango, lililokuwa bado limeegemea ukuta.

"Kila siku jioni unafika hospitalini saa kumi. Jumapili ulifika saa kumi na moja na dakika kumi. Na humu ndani kulikuwa na vikombe viwili vya chai." Sajini alimgeukia Mama Chenji. "Mama, kanuni inakataza kuingiza mtu ofisini, kwa hiyo nilidhani unajitetea. Lakini kusema kweli kungekutoa kwenye lawama, na hukusema. Ulikuwa unamficha mtu."

"Sikumficha mwizi," Mama Chenji alisema polepole. "Nilimficha mgeni."

Meneja alifungua kinywa. Sajini alimzuia kwa mkono.

"Miaka miwili alikuwa anakata tiketi hapa saa tatu na nusu," Mama Chenji aliendelea. "Wengine wanasukuma hela, wanachukua chenji, wanakwenda. Wengine hata uso wangu hawaujui, wanajua vidole. Yeye aliniuliza nimeamkaje, na alisubiri jibu. Jumapili alikuja akasema mstari wa mwisho umepinda, anaona aibu ukitundikwa vile. Nikamfungulia. Akasema koo limemkauka. Nikaenda kununua chai, mtu wangu wa kwanza kunywa naye chai humu ndani. Dakika kumi. Alijua ufunguo unakaa wapi. Aliniona nikiuchukua mara nyingi kupitia hicho kioo. Mlango wa kabati aliurudishia, nami jioni nikafunga ofisi bila kuutazama."

"Ni kweli?" Sajini alimuuliza Fundi.

Mzee alishusha begi lake. Chini ya makopo na brashi alitoa vitabu vitatu vilivyofungwa kwenye kitambaa safi, akaviweka mezani. Kimoja kilikuwa kimepungua tiketi mbili, ya Jumatatu na ya Jumanne.

"Mimi ndiye niliyeziandika hizo nauli," alisema. "Kila namba. Nilipofika mstari wa hospitali ndipo nilipopiga hesabu. Asubuhi kwenda, kurudi. Jioni kwenda, kurudi. Kila safari tunakaa na wagonjwa kwa muda wa saa mbili, kwa hiyo kila mara tiketi inanifia kitandani. Palipokuwa na tiketi moja sasa ni nne. Kazi ya mabango siku hizi ni ya kubahatisha. Ningeweza kwenda mara moja kwa siku, au mara tatu kwa wiki. Sasa yeye atanisubiri vipi siku nyingine?" Alijikuna ukucha wenye buluu. "Mstari nikaupinda. Makusudi, ili nipate sababu ya kurudi."

"Makusudi," Mama Chenji alirudia.

"Ndiyo."

"Na chai?"

"Nilijua hutaninyima."

Nje mtu aligonga kioo kwa sarafu, akaacha.

"Nikuulize," Mama Chenji alisema. "Ulikuwa unakuja dirishani kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kabati?"

"Miaka miwili, kwa ajili yako. Jumapili, kwa ajili ya kabati."

"Na Jumatatu, waliponitoa na mto wangu?"

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema, saa nne nisingekuwa hospitalini."

Mama Chenji alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Meneja alikohoa, akasema atamwandikia barua ya onyo kwa kuingiza mtu ofisini, lakini kazi yake na chumba chake viko pale pale. Mama Chenji hakumshukuru. Aliuweka mto wake kwenye kiti, akaketi, akalifungua pazia.

"Dada yangu ananisubiri saa nne," Fundi alisema. Hakumwambia mtu fulani. Alikuwa anaangalia mgongo wa muuza tiketi.

"Wa kwanza," Mama Chenji alisema kwenye tundu la kioo, na mkono wa abiria ukaingia na hela.

Sajini alimfikisha Fundi kituo cha polisi, akaandika maelezo yake, akamsomea, akampa kalamu asaini. Kazi ilikuwa imeisha, na mezani kulikuwa na jalada jingine linamngoja. Saa nne kasorobo alilisogeza kando, akavaa kofia, akatoka kwenda kupanda basi.

Kitanda namba kumi na nne kilikuwa pembeni mwa dirisha. Aliyekilalia alikuwa mwanamke mwenye uso mwembamba kama wa kaka yake, na macho yake yalikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliichunguza sare. "Kaka yangu kapatwa na nini?"

"Ni mzima. Yuko kituoni kwetu, alichukua kitu kisicho chake. Leo hatakuja. Na kesho pia, nadhani."

Mgonjwa alifumba macho, akayafumbua. Hakuuliza ni kitu gani. Mikono yake ilikuwa inakunja ncha ya shuka na kuikunjua.

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Hakuna aliyenituma."

"Basi kaa, mwanangu. Usisimame hivyo kama umekuja kudai." Alimngoja avute kiti. "Umekula?"

Sajini ilibidi afikiri. Halikuwa swali gumu, ila hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa.

"Bado, mama."

Mgonjwa alinyoosha mkono kwenye droo, akapapasa, akatoa biskuti mbili zilizofungwa kwenye karatasi.

"Hizi huwa namwekea yeye," alisema. "Kula."

Sajini alichukua moja. Nyingine aliifunga vizuri, akairudisha kwenye droo.