Koki Nyekundu ya Maji Baridi

Ngurrr, ngurrr, tak! Mashine ya kufulia ilinyamaza. Mama alipofungua mlango wake, alitoa sweta ya sufu ya Bibi ikifuka mvuke, imenywea hata mwanasesere ingembana.

"Nani amechemsha sweta ya mama yangu?" alifoka. "Mimi niliweka kwenye baridi!"

Profesa, binti yake mkubwa aliyebandikwa jina hilo kwa ujuaji wake, alibetua midomo. "Muulize Kijiti. Vidole vyake haviishi kubonyeza vitufe."

"Si mimi, Mama! Haki ya Mungu!" alilia mdogo wake.

"Ni nani mwingine, bongolala wewe?"

Mama alikuwa amechoka. "Kijiti, Jumamosi huendi kwenye mechi."

Kijiti ndiye alikuwa golikipa, na timu yao haikuwa na mwingine. Alizivua glovu zake, akaziweka mezani.

Mama akaiwasha tena mashine, tupu, kwenye baridi. Alishika mpira unaoingiza maji baridi, akaurusha mkono nyuma. "Unaunguza! Basi, mashine imekufa. Nitamwita fundi."

Hapo Profesa akakumbuka alichofanya asubuhi. Alipokuwa akifagia nyuma ya mashine, aliona mpira wa maji baridi umefungwa kwenye koki nyekundu, na wa maji moto kwenye koki ya buluu. Alicheka peke yake. Nyumba nzima ya watu wazima, na hakuna anayejua nyekundu ni moto! Hakumuuliza mtu. Alifunga koki, akabadilisha mipira, akajiona fundi wa mafundi.

Alimtazama Kijiti akifuta kamasi kwa mkono wa shati. Akamgeukia Mama.

"Mama, ni mimi. Nilibadilisha mipira. Nilidhani mliifunga vibaya."

Mama alimkazia macho. "Ulidhani! Aliyejenga nyumba hii alizifunga koki zote kinyume, hata za bafuni. Nyekundu ndiyo baridi. Hata huyu unayemwita bongolala anajua, maana huoga hapa kila siku akiwa macho. Wewe unaoga umelala?"

Kijiti akacheka katikati ya machozi. Mama akafunga koki, wakairudisha mipira, wakajaribu tena. Mpira wa baridi ukawa baridi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mama. "Kutojua si aibu. Aibu ni kuwadharau wenzako hata ukashindwa kuwauliza. Na aibu kubwa zaidi ni kumtwika mwingine kosa lako. Kijiti, chukua glovu zako. Mechi utakwenda."

Profesa aliichukua ile sweta, akamshika mdogo wake mkono.

"Twende kwa Bibi sasa hivi, usikie kwa masikio yako nikimwambia ni mimi. Na nakuahidi, mdogo wangu, kosa langu halitakaa tena kichwani kwako."