Puliza Kwanza

Jumamosi ya Karnivali, mji wote wa Barranquilla ulikuwa mweupe kwa unga laini wa mahindi ambao watu hurushiana usoni kwa furaha. Nereida, aliyevaa fulana ya manjano, alikuwa ameondoa kioo cha kinga mbele ya lenzi ili jua lisimetemete juu yake na kumharibia picha. Gazeti lilikuwa likimjaribu. Picha za siku hiyo ndizo zingempa kazi. Ghafla mpiga ngoma mwenye kofia ya ukindu akamrushia gao zima la unga.

"Changamka, mrembo!"

"Lenzi yangu!"

"Maskini! Pole, dada, ngoja." Akaishika kamera, akasugua kwa pindo la shati.

"Usisugue!"

Nereida alikuwa amekwishachelewa. Mchanga wa barabarani uliochanganyika na ule unga uliacha mikwaruzo.

"Naitwa Wilfrido," alisema kwa unyonge. "Nipe namba yako, nikutafutie fundi."

Alikuwa na macho mazuri, jambo lililomuudhi Nereida zaidi. Hata hivyo, alimpa.

Jumatatu mhariri alimwambia kuwa picha zake zina ukungu. Kazi akapewa mwingine. Simu ikalia.

"Nereida, fundi nimempata."

"Wa nini? Kazi imekwenda. Umefurahi sasa?"

"Mpenzi, mimi..."

"Nani mpenzi wako? Usinipigie tena!"

Akakata. Mezani kilikuwepo kile kioo cha kinga, kizima, hakina hata doa. Alikitazama kwa muda mrefu. Nani aliyekiondoa?

Jumanne sanamu ya Joselito, marehemu wa kuigizwa anayezikwa Karnivali inapoisha, ilikuwa ikipelekwa kuzikwa, nao wanaume waliovaa kama wanawake wajane wakililia jeneza. Mjane mmoja, gauni jeusi limembana mabegani, akajitenga na wenzake na kumwangukia miguuni Nereida, aliyekuwa akitazama kando ya barabara.

"Ole wangu! Nimeiua lenzi ya mpenzi wangu!"

Sauti ilikuwa ya Wilfrido.

"Mpenzi wako tangu lini, we mjane?"

"Tangu Jumamosi, kabla sijaharibu."

Watu wakaangua kicheko. Lakini machozi yake hayakuwa ya mchezo. Yalichora mifereji katika unga uliomtapakaa usoni.

"Kioo cha kinga nilikiondoa mwenyewe," Nereida alisema polepole. "Nikakubebesha lawama zote."

Wilfrido akainua pindo la gauni ajifute.

"Acha! Bado hujajifunza?"

Nereida akatoa kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi mfukoni, akaupuliza unga hadi ukaruka kutoka kwenye kope. Kisha akamfuta taratibu kwa kitambaa cha lenzi, kuanzia katikati kuelekea pembeni.

"Unapuliza kwanza, ndipo unapofuta."

"Na kazi yako?"

"Imekwenda."

Mkono wake ukabaki palepale, shavuni mwa Wilfrido.